Sauti za Kukodiwa Ukumbini

Kui na Nthenya walikaa kibanda kimoja huko Karen, wakipokea ada ya maegesho langoni mwa maduka makubwa. Mashine ya kupokea ada ilipoletwa, wote wawili waliambiwa warudishe sare. Nthenya alipata kazi haraka mjini, ya kukagua magari yanayoegeshwa karibu na River Road, wala hakumwambia mwenzake kwamba nafasi zilikuwapo. Kui alikuja kujua baadaye, akiwa tayari anafulia watu nguo Spring Valley. Chuki ikamwingia hapo, haikutoka.

Kisha kampuni fulani ikataka kufunga kamera barabarani, zifanye kazi ya kina Nthenya. Wananchi wakaitwa ukumbini kutoa maoni. Jamleck, aliyetumwa na kampuni hiyo kukusanya umati, alimfuata Kui nyumbani.

"Unakuja, unapiga makofi. Mtu akipinga, unapiga kelele. Ni hiyo tu, na unalipwa."

"Nani atapinga?"

"Hao watu wa parking."

Kui akachukua leso yake, akatoka naye.

Ukumbini, Nthenya aliposhika maikrofoni, hata jina lake hajalimaliza, Kui alisimama.

"Keti chini. Wewe ni adui wa maendeleo."

"Kui? Ni wewe?"

"Tukifukuzwa Karen ulisema nini? Ulinyamaza ukajitafutia. Basi nyamaza hata leo."

Wenzake waliokodiwa wakadakia, wakagonga viti. Nthenya aliendelea kusema mambo ambayo hakuna aliyeyasikia, mwishowe akaketi. Mwenyekiti akafunga kikao na kutangaza kuwa wakazi wamekubali.

Kamera zikafungwa. Asubuhi moja Nthenya alitokea Spring Valley, kwenye ukingo wa barabara ambapo akina mama husubiri kuitwa kufua. Kui hakumsogezea nafasi.

"Umefurahi sasa?"

"Sana."

"Nakuangalia nasikia kukutemea mate."

"Tema."

Nthenya hakutema. Jua likapanda, na hakuna lango lililofunguliwa. Kui akasema bila kumtazama, "Alhamisi kuna kikao kingine. Jamleck anatafuta watu."

"Cha nini?"

"Sijui. Tutaonyeshwa wa kuzomea."

"Na huyo wa kuzomewa amekosa nini?"

"Kwani wewe ulikuwa umekosa nini?"

Nthenya alimkazia macho. Gari likapita, likawatimulia vumbi wote wawili.

"Mnakutana wapi?" akauliza.