Mwiko Uliofunga Banda la Kuku

Mimi mtu akiniudhi namwambia usoni, na Shangazi Lidwina aliniudhi miaka kumi mizima kwa sababu ya mwiko. Si mwiko kama huo wa jikoni kwako. Huu ulikuwa wa mninga, ukisimamishwa unanifika kidevuni, wa kusongea ugali wa msibani kwenye nusu pipa. Akina mama wa mtaa wetu hapa Bombambili walimtunuku mwaka 1983, mbele ya watu, kwa vigelegele, kwa kazi yake ya kutupikia kwenye misiba. Na yeye akaufanya nini? Komeo la banda la kuku. Haki ya Mungu, komeo! Sebuleni, kwenye msumari ambao ungefaa kutundika heshima ile, ilining'inia bakora ya Kajetani, mume aliyemkimbia.

Nikimwuliza, anacheka. "Hilda, mwiko ni mti tu. Na kuku nao wanataka kulala salama."

Lidwina hakujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuwa mama fulani. Mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, tulimwita shangazi. Miaka ile ya foleni, chumvi inasakwa kama dawa na mafuta ya kupikia unayasikia redioni, yeye ndiye aliyesimama kwenye moto kila msiba ulipotokea. Kila nyumba ilileta bakuli la unga na chochote ilichokuwa nacho. Mafuta hakuna? Alitwanga karanga akaungia maharage, watu wakalamba vidole. Nyama ikipatikana, hata msiba uwe wa Wakatoliki watupu, alimwita Mzee Abdulswamadu achinje, ili jirani Mwislamu asiondoke na njaa. Watu wakishamwona Lidwina jikoni, hakuna aliyeuliza nyama kachinja nani. Na ugali mbichi msibani, aibu ambayo watu huisimulia mpaka kwa wajukuu, mikononi mwake haukutokea hata siku moja.

Basi zikaja enzi za ruksa, biashara ikawa huru. Maduka yakajaa, mimi mwenyewe nikaanza kuuza mitumba sokoni, na wenye nacho wakaanza kukodi wapishi wenye aproni hata kwenye misiba. Shangazi akaanza kurudi nyuma. "Wakati wangu umepita," akawa anasema. "Waacheni wanaojua wapike." Nilikuwa namsikia huku nachemka.

Mwaka 1993 akafariki Mzee Daimu, mfanyabiashara wa korosho aliyehamia kwetu kutoka Tunduru. Wanawe walikuwa na uwezo, wakataka kuleta wapishi wa hoteli. Mjane, Bi Mwanahawa, akawakatalia palepale mkekani alipokaa. "Baba yenu alisema siku yake ikifika, watu wake wapikiwe na Lidwina. Wallahi, bila yeye huo moto usiwashwe!" Nikatumwa mimi kumwita, nikaenda mbio.

Nilimkuta uani anachambua mboga.

"Siendi," akasema.

"Shangazi! Watu wametoka Tunduru wana njaa, jiko bado baridi!"

"Mwanahawa ananihurumia tu. Kama wale walivyonihurumia na mwiko wao."

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kajetani aliondoka mwaka huohuo wa 1983, wakati wa kuvuna mahindi. Alisimama mlangoni akasema mwanamke asiye na mtoto ni mzigo. Haukupita mwezi, akina mama wakaja na mwiko. Aliyemkabidhi alikuwa Rosemary, kiongozi wao, Mungu amrehemu, na alikuwa analia.

"Akaniambia, Lidwina, usijione uko peke yako. Unasikia, Hilda? Ile haikuwa tuzo, ilikuwa rambirambi. Sasa niitundike ukutani, niwe naitazama aibu yangu kila nikiamka?"

Miaka kumi alikuwa amelibeba neno hilo peke yake! Na mimi uchungu wangu hutoka kama hasira. Nikaenda bandani, nikauchomoa mwiko, kuku wakatawanyika pande zote.

"Huendi? Sawa. Mwiko utakwenda!"

Nikautia begani, nikatoka. Yeye nyuma yangu, khanga inamvuka, anapiga kelele, "We Hilda! Kuku wangu! We mtoto huna adabu!"

Ndivyo tulivyoingia msibani, mimi na mwiko wenye kinyesi cha kuku, yeye anatweta. Uani alikuwepo Mzee Osmund, seremala wetu, anapanga mabenchi. Nikampa shikamoo. Macho yake yalikuwa kwenye mwiko.

"Huo si niliouchonga mimi? Nani kaufanyia unyama huu?"

"Mwenyewe huyo hapo," nikasema. "Anadai alipewa kwa huruma, eti kwa kuwa Kajetani alikuwa amemwacha."

Mzee Osmund akamgeukia Lidwina kama vile ametukanwa yeye. "Huruma gani? Mninga huwezi kuukata leo ukauchonga kesho. Ukiwa mbichi, mwiko unapasuka. Rosemary aliniagiza wakati wa palizi, nikalilaza gogo juu ya kichanja cha jikoni mpaka likakauka. Wakati huo Kajetani alikuwa bado anakula ugali wako na kukoroma kitandani kwako! Yeye mwenyewe ndiye aliyenisaidia kulibeba. Njia nzima ananung'unika, gogo lote hili kwa ajili ya mpishi! Rosemary akamwapisha asikwambie, maana walitaka kukushtukiza."

"Lakini Rosemary alikuwa analia," Shangazi akasema polepole.

"Rosemary? Rosemary alilia hata kwenye ubatizo wa watoto wa watu. Umemsahau?"

Shangazi akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. "Palizi," akasema. "Kajetani kaondoka mavuno." Akarudia tena. Halafu akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, na mimi nikalia naye bila hata kuona haya.

Akaomba maji na majivu, akausugua mwiko mpaka wekundu wa mninga ukaonekana. Kisha akajifunga khanga kiunoni, sauti yake ikasikika hadi barabarani. "Nani kaweka unga karibu na moshi? Nyie vijana wa Daimu, kuni zenyewe ndizo hizi? Pasueni nyingine! Hilda, usimwage unga mpaka niseme!" Wale watoto wa tajiri wakapasua kuni. Watu wakala wakashiba, wa msikitini na wa kanisani. Bi Mwanahawa akaletewa sahani yake, akamega tonge, akafumba macho. "Huu sasa ndio msiba wa mume wangu," akasema. Nilimtazama Shangazi yangu amesimama wima kando ya pipa na mwiko wake mkononi, nikajisikia fahari kama vile nimemzaa mimi.

Matanga yalipokwisha nikapita kwake. Mwiko ulikuwa sebuleni, umepakwa mafuta, umefungwa kwenye ule msumari. Bakora haikuwepo.

"Na kuku je?" nikauliza.

Akanipeleka uani. Mlango wa banda ulikuwa umekomewa kwa bakora ya Kajetani.

"Inafaa?"

"Inafaa sana," akasema. "Leo ndiyo kazi yake ya kwanza katika nyumba hii."