Gita la Mvule Lililorudi Kisian

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya magita pale Kisian, Fundi Mkuu hakunipa randa wala patasi. Alinipa vipande vya mwerezi, akaniambia nivigonge kwa kidole.

"Sikiliza," alisema. "Ubao mwingine unaongea, mwingine umenyamaza. Ule ulionyamaza tutatengenezea stuli."

Niligonga mpaka kidole kikaniuma. Vyote nilivisikia sawa tu.

Nilitoka Katito nikijua kutengeneza vitanda na meza. Gita la nyuzi za nailoni, linalopigwa kwa vidole vitupu, ni jambo lingine. Mbavu zake zilikuwa za mvule uliorandwa mwembamba, ukalowekwa, kisha ukakunjwa polepole juu ya bomba la moto. Uso ulikuwa wa mwerezi, na kwa ndani tuliubandikia mihimili, yaani fito zinazouzuia usibonyee nyuzi zikivuta. Kwa mihimili Fundi Mkuu hakuwa na mchezo.

"Kushoto na kulia ilingane, bwana. Ikipinda, vunja uanze upya."

Nilivunja mingi.

Baadaye nilihamia Muhoroni, kwenye karakana ya samani, chini ya Msimamizi aliyependa haraka kuliko kazi. Sikudumu. Nilirudi Kisian, na Fundi Mkuu alipoanza kupotewa na kumbukumbu, mkewe aliniachia funguo.

Ndipo mama mmoja, mwalimu wa muziki mjini Kisumu, akaniletea gita lililopasuka uso. Ndani lilikuwa na muhuri wa Fundi Mkuu.

"Nililipiga kwa mazishi ya baba yangu," aliniambia. "Tafadhali, usinibadilishie sauti."

Hata na ule ufa, sauti yake ilinisimamisha. Lakini nilipolifungua, mihimili ilikuwa imepinda, mmoja mnene, mwingine mwembamba, kama kazi ya mtu aliyefumba macho.

Nilichanganyikiwa. Alikosea, au alitufundisha kitu kimoja na yeye akafanya kingine? Nikiinyoosha, je, nitaua sauti? Nikiiacha, je, uso utapasuka tena? Nilibeba gita hadi nyumbani kwa Fundi Mkuu.

Aliligeuza, akachungulia. "Nani huyu fundi mbaya hivi?"

"Ni wewe, Mzee. Muhuri ni wako."

"Mimi? Mimi sipindishi!" Alikasirika sana, mkewe akanikonyeza niondoke.

Niliziba ufa, mihimili nikaiacha nilivyoikuta. Kisha nikajaribu kutengeneza gita lingine, mbao za aina ileile, mpindo uleule. Lilitoa sauti ya debe. Sikuelewa wakati ule, na sasa nimestaafu bado sielewi. Vijana wakiniuliza siri, nawaambia mihimili ilingane, ingawa sina hakika.

Siku mwalimu alipokuja kuchukua gita lake, Fundi Mkuu alikuwa ameletwa na mkewe, ameketi mlangoni akiota jua. Mwalimu akapiga wimbo wa kanisani, taratibu. Mzee aliinua kichwa, akasikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho.

"Aliyetengeneza hilo anajua kazi," alisema. Akanishika mkono kwa nguvu. "Omera, ndugu yangu, nipeleke kwake. Bado naweza kujifunza."

Nilimtazama mkewe. Naye alikuwa anaangalia chini.

"Kesho asubuhi, Mzee," nilijibu, nikijua atasahau.

Asubuhi nilimkuta ananingoja mlangoni, amenyoa ndevu, amevaa aproni yake ya zamani. Nami sikujua nimpeleke wapi.