Shavu la Mama Kimya

Mteja akiingia kwa Mama Kimya alijua utaratibu: weka kitambaa mezani, onyesha urefu kwa mkono, shika njia yako. Jina hilo walimpachika wateja wenyewe. Zamani fundi huyu alikuwa na mdomo kama cherehani yake. Ukimpelekea suruali apunguze, unarudi na habari za mtaa mzima. Kisha shavu la kulia likaanza kumuuma. Neno moja, tonge moja, hata upepo wa feni, na maumivu yanapiga kama umeme, machozi yanamtoka mtu mzima. Alimeza vidonge miaka na miaka, akang'olewa na meno yasiyo na hatia.

Mwanawe wa pekee, aliyehamia mbali kikazi, alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Akawa anamsikia mama anavyogumia kila akijibu. Mwishowe akaacha kupiga, akawa anaandika ujumbe tu: "Sitaki uumie, mama."

Hospitalini, daktari wa upasuaji alimweleza taratibu. Nyuma ya sikio, ndani ya fuvu, mshipa wa damu ulikuwa umeulalia mshipa wa fahamu wa uso. Angefungua hapo, aitenganishe, aweke katikati kipande laini kama sponji.

Mama Kimya akaomba kalamu, akaandika: "Yaani mnanitilia bitana, kama ndani ya koti." Daktari alicheka mpaka miwani ikateleza.

"Umekuja na nani?" nesi akauliza.

Akamwonyesha mkoba wake. Hakuwa amemwambia mwanawe kitu. Alitaka habari hiyo aisikie kwa sauti ya mama yake, wapige soga kama zamani. Kwa ajili ya hilo tu alikubali kufunguliwa kichwa.

Alipozinduka akajaribu: "Maji." Hakuumia. Akaomba tena, wala hakuwa na kiu.

Kidonda kilipokauka, Jumapili moja alifunga duka, akapiga simu.

"Mwanangu..."

"Mama! Usiongee, utaumia! Niandikie!" Simu ikakatwa.

Akapiga tena. Haikupokelewa. Ikabidi aandike: "Nimepasuliwa, nimepona. Sasa naweza kuongea kutwa nzima."

Jibu likaja upesi: "Hongera sana mama! Nimefurahi mno. Basi nitakuandikia jioni."

Alisubiri, simu kiganjani, labda italia. Kisha akasema kwa sauti, peke yake katikati ya vitambaa, "Haya, mwanangu," na shavu halikuuma.