Maharagwe Yaliyokataa Kuiva Ijumaa

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na alikuwa amekataa kula. Malaria ilipona, ikaondoka na hamu yake yote. Uji alitema. Samaki niliyemsaga kwa vidole alitema. Wali alinitemea mimi usoni. Hospitalini waliniambia nimpe chochote anachopenda, kana kwamba mtoto huyo anaweza kuagiza. Nepi iliyokuwa ikimbana sasa ilimteleza akisimama.

Kisha dada yangu akaja kututembelea kutoka Migori na mkebe wa maharagwe, yale ya mchuzi mwekundu mtamu. Mtoto akafungua mdomo mwenyewe. Akala, akalamba kijiko, akalilia kijiko.

Mama mkwe akauokota mkebe, akausogeza karibu na macho, akaona picha ya soseji.

"Hii ni nguruwe."

"Mama, ni vipande vidogo tu. Navitoa."

"Utoe, na mafuta yake yameshaogelea humo? Boma hili nguruwe haingii, hata akijificha kwenye mkebe."

Mbwa ndiye aliyemaliza.

Mume wangu alikuwa kisiwani Remba kwa biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, simu haishiki. Mimi sikuwa na meko yangu. Nilikuwa bado sijajengewa nyumba, na huku kwetu mke ambaye hajajengewa anapika jikoni kwa mama mkwe. Mle ndani hata chumvi nilitia kwa ruhusa.

Basi nikasema nitayapika mwenyewe, bila nyama, tuone mama mkwe atasema nini. Nikanunua maharagwe sokoni Rodi Kopany, nikayaloweka usiku kucha. Nilijua ninachotaka: niyachemshe hadi yalainike kabisa, ndipo nitie nyanya, kitunguu, sukari nguru na ndimu, halafu niyaoke kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama tunavyooka keki.

Lakini ilikuwa Ijumaa, na kuni zilikuwa zimenyeshewa. Mama mkwe ni Msabato wa kweli. Jua likizama Ijumaa, moto wake unazimwa, na hauwaki tena hadi jua la Jumamosi lizame. Chakula chote cha Sabato kinaiva kabla. Nilipuliza ule moto hadi macho yakavimba. Mbuzi walirudi nyumbani, maharagwe bado yanagonga sufuria.

Akaingia na bakuli la nyanya zilizokatwa.

"Nyar Migori, jua linakuacha." Ndivyo anavyoniita, binti wa Migori, kama mzigo ulioshushwa kutoka huko.

"Mama, nyanya bado. Maharagwe yakipata nyanya kabla ya kuiva, hayaivi tena."

"Nani kasema?"

"Mama yangu."

"Mama yako ni Mkatoliki. Ana Jumamosi nzima ya kupika." Akacheka, akamwaga bakuli lote. Akakamua na ndimu.

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Ningefanya nini, nimpige nao? Nilikoroga. Nilitia kitunguu na sukari nguru, nikakoroga huku nimeuma meno, na harufu ikatoka ileile ya mkebe, tamu kabisa, na maharagwe magumu kama changarawe. Nikaweka makaa juu ya kifuniko. Hayakukaa. Jua lilipogusa kilima alikuja na koleo, akayaondoa moja moja, akayamwagia maji.

"Sabato njema, nyathina." Mwanangu, ananiita sasa.

Asubuhi alivaa nguo nyeupe akaenda kanisani. Mimi nilibaki na mgonjwa, na niliapa kwamba akipita tu lango nawasha. Nikapapasa rafu, chini ya kitanda, nyuma ya mtungi. Kiberiti hakuna. Mwanamke huyo alikuwa ameenda nacho kanisani, kwenye mkoba wa Biblia! Na majirani wote wa upande ule ni Wasabato. Kuomba moto kwao siku hiyo ni sawa na kujitangaza kwa kipaza sauti.

Mtoto akajikokota hadi kwenye sufuria. Nikampa punje moja. Akaiuma, akaitema, akalia, kisha akafungua mdomo tena. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Wiki nzima nilimbembeleza ale, na sasa anataka, chakula kipo, na hawezi kukitafuna.

Nikapakua bakuli, nikatia kijiko kinywani mwangu. Yalikuwa baridi, yana ladha nzuri ya kunitia hasira zaidi. Nikatafuna hadi yakawa uji, nikamwekea kwenye ulimi kwa kidole. Akameza. Akafungua tena. Nikatafuna tena, taya zikauma hadi masikioni, machozi yananitoka, na yeye ananivuta blauzi niharakishe.

Hatukuwa tumefika nusu ya bakuli mama mkwe aliposimama mlangoni, mkoba begani.

"Anakula! Si nilikuambia nyanya haina shida?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Lakini mdomo ulikuwa umejaa, na mtoto alikuwa amefungua wake.