Lumbesa Isiyopasuka

Mwanangu, niliishia darasa la nne, lakini niliamini hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Nimefungasha viazi tangu sijaota ndevu. Lumbesa zangu, yale magunia yanayojazwa mpaka yanaota kichwa juu ya mdomo, zilijulikana Mbeya hadi Iringa. Nyumba hii ya hapa Soweto, Mbeya, kila tofali ni kiazi.

Nakumbuka asubuhi nilipokuta nusu ya kuku wangu wamelala, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama waliotaka kukimbia wakasahau. Akaja Neema, daktari wa mifugo, binti niliyemwona akinyonya. Akasema ni virusi, vimejaa kwenye vumbi la manyoya.

"Vinauaje, na udogo huo?"

"Baba Lusajo, kirusi ni ganda gumu. Ndani mna uzi mmoja mrefu, wenye maagizo ya kutengeneza virusi vingine. Kuna kimashine mlangoni mwa ganda kinausukuma ndani, hatua kwa hatua."

"Kama mimi ninavyoshindilia viazi kwa goti!"

"Kinakushinda. Uzi ule hautaki kupindwa, na ukibanana unasukumana wenyewe kwa wenyewe. Ukijaa, mgandamizo unapita wa tairi la lori. Sasa ganda likifika kwenye mlango wa chumba cha ndani cha chembe hai ya mwili wa kuku, mdomo wake unafunguka, uzi unafyatuka kuingia. Nguvu iliwekwa siku ya kufungasha."

Mwanangu, nilisahau hata mizoga. Nilikaa juu ya ndoo nikamuuliza mpaka chai yake ikapoa. Mbona uzi haujifungi fundo?

"Hilo hata walionifundisha linawaumiza kichwa," akacheka.

Kisha akaniagiza: choma maranda, osha banda lote, nunua vifaranga waliochanjwa siku ya kutotolewa. Hapo nikamkatiza.

"Binti, sasa umeingia kwenye fani yangu. Lumbesa iliyobanwa hivyo, iache juani, itapasuka yenyewe. Nitalifunga banda wiki tatu. Vitafyatukia vumbini, basi."

"Baba, ganda lile si gunia. Halifunguki mpaka liguse mlango wake."

"Wewe umeshona magunia mangapi?"

Akafunga mkoba wake, akaaga kwa adabu.

Wiki tatu zilipopita nikaingiza vifaranga mia tatu wasiochanjwa. Chanjo ya nini, na adui ameshapasuka? Humo niliweka ada ya chuo ya Lusajo, mwanangu wa kwanza. Wiki ya saba nikafungua mlango: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Lusajo hakwenda chuo mwaka ule. Alipakia viazi pamoja nami, wala hakunisema. Afadhali angenisema.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo, wakavunjika kuku. Basi shika hili: mtu akikupa mfano, anakushika mkono akufikishe mlangoni tu. Ukishafika, muulize mfano wake unaishia wapi. Gunia lilinifundisha kirusi kinavyojazwa. Halikunifundisha kinavyofunguka, nami sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa bingwa. Na fundi wa kazi yake ni mgeni kwenye kazi ya mwenzake.

Mungu akujalie moyo wa kushangaa hata uzeeni, na ulimi usioona haya kuuliza wadogo zako. Mimi swali hilo moja nililolimeza lilinigharimu shilingi milioni moja, laki nne, elfu sitini na tatu na mia tano.