Bunduki Inayovunjika Katikati

Nilipiga visahani vya udongo kwa miaka kadhaa nikitumia bunduki za kuazima kabla sijaamua kununua yangu. Visahani hivyo hurushwa na mashine, vikapaa kama ndege aliyeshtuka, nawe unajaribu kuvivunja kwa marisau, zile chembe ndogo zinazotoka mtutuni kwa wingi. Uwanja wetu uko nje kidogo ya Kampala. Tatizo la bunduki ya kuazima ni kwamba kitako chake kilikatwa kwa kufuata mkono wa mtu mwingine.

Mimi ni fundi umeme. Sikusoma chuo, ninachojua nimekipata katika vitabu vya mitumba na kwa kufungua vitu nione jinsi vinavyofanya kazi. Bunduki niliichagua kwa njia hiyohiyo. Nilipima mkono wangu kutoka kwenye kunjo la kiwiko hadi kwenye kidole cha kufyatulia. Nilinyoosha kidole kuelekea mnara wa simu ulio upande wa Kyambogo, nikafumba jicho moja kisha la pili, nikahakikisha kwamba jicho linaloniongoza ni la kulia. Nilitaka bunduki moja ya kufanyia kazi mbili: visahani siku za Jumamosi, na kuwinda kwale mara chache ninapopata kibali. Tena bega langu la kulia liliteguka zamani nilipoanguka kwenye ngazi, kwa hiyo teke la bunduki lilikuwa jambo la kufikiria. Hesabu yote ikaangukia kwenye bunduki ya mtutu mmoja inayojipakia yenyewe, kwa sababu hutumia sehemu ya nguvu ya baruti kujipakia, na bega likapata nafuu.

Nilimwomba mke wangu anisindikize dukani. Sisi wote wawili tulizaliwa kwenye kambi za polisi, watoto wa askari kutoka kaskazini. Kiswahili cha nyumbani kwetu ni kile cha kambini, na nilidhani kwamba bunduki kwetu ni kitu cha kawaida kama pasi ya mkaa.

Muuzaji alikuwa mstaafu wa jeshi, mcheshi.

"Karibu, afande."

"Mimi si afande. Baba ndiye alikuwa."

"Basi wewe mtoto ya afande. Hiyo cheo hairudishwi stoo." Akamgeukia mke wangu. "Na wewe nyabo, unapiga pia?"

"Mimi napiga wanaochelewa chakula."

Tukacheka sote. Nilichukua ile inayojipakia, nikavuta bolti inayofunga mtutu, nikachungulia chemba inamokaa risasi, nikaachia bolti ikajifunga. Nikaiweka begani. Ilinikaa vizuri sana. Kisha nikamnyooshea mke wangu aipime uzito.

"Shika uone ilivyo nyepesi. Haina kitu."

Akaweka mikono nyuma.

"Shika tu, mama. Haina kitu."

Aligeuka akatoka nje. Muuzaji aliipokea bunduki kutoka mikononi mwangu, akaifuta kwa kitambaa. "Bwana ssebo," alisema kwa sauti ya chini, "leo nunua friji."

Foleni ya Ntinda ilitukamata tukirudi. Garini aliniuliza, "Unaikumbuka hadithi ya mjomba?"

Niliikumbuka vizuri. Mjomba wake alikuwa akiisimulia kila Krismasi. Alitoka lindoni, akaketi mlangoni kusafisha bunduki, akawaambia watoto wasiogope, haina kitu, kisha akatoboa jerikeni ya maji. Watoto wote, alisema, wakaoga kwa wakati mmoja. Watu walicheka hadi machozi. Mimi nilikuwa nikimwomba airudie.

"Ile jerikeni ilikuwa wapi?" mke wangu akauliza.

"Uani."

"Ilikuwa mikononi mwangu, baba. Nilikuwa namwagia mdogo wangu kichwani."



"Alisema haina kitu," akaendelea, "kwa sauti kama hiyo yako ya leo. Sauti ya mtu anayejua."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilichungulia chemba kwanza, na ni kweli nilichungulia. Lakini mwenye nyumba akiniambia umeme umezimwa, sigusi waya mpaka kipimo changu mwenyewe kikubali. Sijawahi kuona kwamba kwa kufanya hivyo namtukana mtu.

"Niache kununua?"

"Sijakukataza. Nimesema siamini mdomo."

Nilianza kuchagua upya. Kuna aina ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ambayo huvunjika katikati kama mlango kwenye bawaba. Ikivunjika haiwezi kufyatuka, na yeyote, hata asiyejua chochote kuhusu bunduki, akichungulia mitutu ataona mwanga au ataona risasi. Kwa visahani na kwale inafaa, maana mdomo wa mtutu mmoja umebanwa zaidi kuliko wa mwingine, nawe unachagua kulingana na umbali. Lakini hupiga teke zaidi begani. Udhaifu huo niliukubali.

Jumamosi nikampeleka mke wangu uwanjani. Desturi ya pale ni kwamba hakuna anayetembea na bunduki iliyofungwa. Unaivunja, unailaza mkononi, kila mtu anaona. Sidhani kama aliangalia kisahani hata kimoja. Aliangalia mikono ya watu.

Mambo ya kibali cha kumiliki bunduki yalipofika nyumbani, afisa wa polisi aliketi sebuleni kwetu akamuuliza, "Mama, unakubali silaha ikae humu?"



"Ile inayovunjika, nakubali. Iingie mlangoni ikiwa wazi, na niangalie mimi."

"Mama, hapa pa kuandika ni ndiyo au hapana."

"Basi andika ndiyo. Mwenye kusikia amesikia."

Niliinunua. Tangu hapo, kila Jumamosi ninaporudi, mimi husimama mlangoni na bunduki imevunjika mkononi. Yeye hupangusa mikono, huichukua, huielekeza dirishani na kuchungulia mtutu wa juu, kisha wa chini. "Naona paa la jirani," husema. Ndipo ninapoifungia kabatini. Nilitegemea kwamba baada ya muda angechoka kuangalia.

Jumamosi iliyopita nilikuta ana wageni wa kanisani. Sikutaka kuwasumbua. Nilichungulia mitutu mwenyewe mara mbili, nikapita kwa mlango wa nyuma na kuifungia. Nilipoketi kunywa chai, aliweka kikombe chini.

"Fungua kabati."

"Nimeangalia, mama."

"Fungua."

Nilifungua, nikaivunja bunduki, nikampa. Alichungulia mtutu wa juu, akachungulia wa chini, na safari hii hakusema anaona nini. Aliponirudishia, mitutu iligonga mlango wa kabati.

"Niirudishe dukani?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi nilisema niangalie. Tulikubaliana hivyo."

Akarudi kwa wageni wake, nikamsikia akiwauliza nani aongezewe chai. Nami nilibaki pale na bunduki wazi mkononi, bega likiuma. Niliielekeza dirishani. Niliona paa la jirani katika mitutu yote miwili, na bado sikuweza kuifunga kabla yeye hajalitaja.