Nafundisha homoni darasani, lakini sikuzitambua zilipoanza kuniumiza mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu nyote, na wanaostahili shikamoo naomba waipokee.

Haya yamenitokea mwenyewe mwaka huu. Nimebadilisha majina, lakini sijayatia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika sekondari moja ya Shinyanga vijijini, nina miaka arobaini na saba. Mume wangu, Baba Neema, ni mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Hukaa huko wiki tatu au nne, kisha hurudi nyumbani kwa siku chache.

Mwezi Januari, duara la jirani yao lilititia. Kwa wasiofahamu, duara ni shimo la wachimbaji wadogo.

Habari hiyo ilinifikia saa mbili asubuhi nikiwa ofisi ya walimu. Nilimpigia simu mume wangu hadi saa tisa alasiri. Iliita tu.

Kumbe alikuwa salama, akisaidia kufukua kifusi, na simu yake ilikuwa kwa Mama Kulwa, mama ntilie anayewatunzia simu wachimbaji wanaposhuka, naye alikimbilia kwenye kifusi akaziacha bandani. Wote waliofukiwa walitolewa wakiwa hai. Nilimshukuru Mungu, nikaingia darasani, nikaamini jambo limekwisha.

Baada ya wiki kadhaa mwili ukaanza vituko.

Simu ya mtu yeyote ikilia, moyo ulinidunda hadi shingoni. Usingizi ulikatika. Mafua hayakuisha. Nywele za mbele zilibaki kwenye kitana. Nilikula kidogo, lakini tumbo lilinenepa na chakula hakikusagika.

Mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni. "Mama Neema, huu si ugonjwa wa hospitali. Umerushiwa kitu."

Sikumsikiliza, lakini hospitali pia sikwenda. Baba yangu mzazi alifariki kwa ugonjwa wa moyo, nami nilikuwa na hakika kwamba zamu yangu imefika. Niliogopa kuthibitishiwa. Badala yake nilianza kumwonyesha binti yangu Neema mahali zilipo hati za kiwanja.

Mume wangu sikumwambia neno. Katika familia nyingi za wachimbaji ninazozifahamu, mtu aliye duarani hapelekewi habari za ugonjwa. Akishuka na mawazo, anaweza kukanyaga pasipofaa. Kwa hiyo kila alipopiga nilimjibu, "Huku wazima, mnaendeleaje huko?" Na alipokuja nyumbani nilifunga kilemba, nikasingizia uchovu wa kazi.

Mwezi Juni nilianguka mstarini, mbele ya shule nzima.

Daktari aliyenipokea hospitalini alikuwa Nyanzala, mwanafunzi wangu wa miaka mingi iliyopita. Alinipima moyo, sukari na tezi ya shingo, hakuacha kitu. Kisha akavuta kiti.

"Madam, moyo wako ni mzima. Presha iko juu, na sukari imepanda kidogo. Sasa nieleze kazi ya adrenalini. Alama tano."

"Nyanzala, mimi ni mgonjwa."

"Ndiyo maana nauliza."

Nikajibu kama niko ubaoni. Ukikutana na hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, sukari inaingia kwenye damu, tumbo linasimamisha kazi ili misuli ipate nguvu. Kotisoli hufuata na kuendeleza hali hiyo. Hatari ikiondoka, vyote hushuka.

"Na isipoondoka?"

"Hushuka polepole," nikabahatisha.

"Hiyo sehemu ulitufundisha mbiombio, Madam, mtihani ulikuwa umekaribia," akacheka.

Akanieleza taratibu. Kotisoli ikikaa juu kwa miezi, kinga hudhoofika, usingizi huvurugika, presha hupanda, mafuta hukusanyika tumboni. Dalili zangu zote alizitaja kabla sijazitaja. Akauliza ninaogopa nini, nikamweleza kwamba kila simu ikilia naona duara limemfukia mume wangu.

"Baba Neema anajua?"

"Mtu wa duarani haambiwi mambo haya."

"Basi ataambiwa. Nakuandikia kabisa, pamoja na vidonge vya presha."

Kesho yake asubuhi nilipiga simu kabla ujasiri haujaniponyoka. Akapokea Mama Kulwa.

"Mwangaluka, Mwalimu!" akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwenyewe yuko karashani, kwenye vumbi la kusaga mawe. Kule simu hazisikiki."

"Karashani? Leo hajashuka duarani?"

"Duara lipi tena? Huyu hajashuka tangu mahindi yakiwa machanga! Magoti yamemgomea ngazi. Kwani hajakwambia?"

Wakuu, nilikaa chini, palepale uani.

Mchana mume wangu akapiga, sauti yake imenywea. "Mama Neema, nilitaka kukwambia. Niliogopa utahangaika na magoti yangu, una kazi nyingi. Ndiyo maana nikija nyumbani nilijikaza nisichechemee. Na niliona utasema nimezeeka."

"Umezeeka, ndiyo! Na mimi nimeanguka mstarini kwa sababu ya shimo ambalo wewe hata humo ndani yake!"

Akaanza kucheka, nami nikalia, halafu nikacheka pia. Jioni ya siku iliyofuata alikuwa mlangoni, anachechemea.

Nisiwadanganye: mwili haukutulia siku hiyo. Nilishajua kwamba hatari haipo, lakini simu ikilia bado nilishtuka. Ilichukua wiki kadhaa za kutembea jioni, kulala kwa ratiba na kuambiana ukweli kila siku, hata ule mdogo wa magoti. Mwezi uliopita Nyanzala alinipima, akasema sukari imerudi mahali pake na vidonge tunaanza kuvipunguza.

Nilichojifunza ni kwamba mwili hauwezi kutofautisha hatari iliyopo na ile unayoibeba kichwani. Zote hulipiwa kwa damu ileile. Pia, usijipe jina la ugonjwa mwenyewe, wala usiseme "ni mawazo tu" kabla hujapimwa. Mimi nilikaa na hofu ya moyo miezi mitano, na jibu lilipatikana kwa siku moja.

Naomba michango yenu, hasa wenye waume, wake au watoto migodini. Ni habari gani mmewaficha watu wenu kwa nia ya kuwalinda, na miili yenu inasemaje?

Nitasoma kila jibu, ila kesho. Sasa hivi nina usingizi, na siku hizi ukija siuchezei.